Mshale Uliopenda Madimba

Land Rover ya kijiji cha Mtandimbo ilikuwa kuukuu, na ilikuwa na ugonjwa wa ajabu: iliugua Madimba tu. Haikuugua kwenye mchanga wa bondeni Ruvuma, ambako hata trekta la serikali liliwahi kunasa siku tatu. Haikuugua Mtwara mjini wala kwenye ghala la korosho. Ila ikifika Madimba, kwenye shimo la mbele ya nyumba ya tatu ukitokea mtoni, mshale wa geji ya joto ulipanda ukagota kwenye wekundu. Hapo dereva, Rashidi Nampota, mgane wa miaka arobaini na sita, alivuta breki, akashusha pumzi kama mtu aliyeletewa habari mbaya, akasema, "Limechemka."

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mwanakombo, mjane aliyelima korosho na muhogo na kukaanga samaki wa kupeleka gulioni. Kila Jumatano na Jumamosi, siku za gari, aliamka mapema akaenda kisimani kuchota debe moja la maji ya rejeta. Abiria walishuka wakanyoosha miguu. Rashidi alipewa kiti na kikombe cha chai ya tangawizi, na injini ikaachwa ipoe. Ilipoa kwa saa nzima. Wakati wa kurudi ilipoa tena.

Kijiji cha Mtandimbo hakikosi shukrani. Mkutano mkuu wa mwaka wa sabini na sita uliandika barua rasmi kumpongeza Mwanakombo kwa moyo wake wa kijamaa, ukamtumia na doti ya khanga. Barua ile aliichukua Rashidi mwenyewe, akaisoma kwa sauti mbele ya abiria, na wote wakapiga makofi.

Sasa tuseme ukweli, maana Rashidi hakuwa tayari kuusema. Siku ile ya kwanza kabisa, miaka mitatu nyuma, alifungua kifuniko cha rejeta akakuta maji yamejaa pomoni. Akagusa injini, ilikuwa na joto la injini yoyote ile. Mshale ulikuwa unadanganya. Dereva mwingine angeripoti siku hiyohiyo. Lakini kiti kilikuwa kimeshatolewa na chai imeshamiminwa, na yeye alikuwa na miaka minne hajamiminiwa chai na mtu. Akatia kikombe kimoja cha maji kwenye rejeta kwa ajili ya macho ya watu. Debe lililobaki alilizungusha nyuma ya nyumba, akaimwagia miche mitatu ya mikorosho ambayo Mwanakombo alikuwa ameipanda juzi yake. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi.

Mambo yaliharibika msimu wa korosho wa sabini na saba. Gari lilifika Mtwara ghala limefungwa, na wanakijiji wakalala juu ya magunia wakiliwa na mbu. Kamati ikakaa. Ikaamua kidude cha joto, kile cha kwenye injini kinachousukuma mshale, kibadilishwe, na Katibu wa kijiji, Bi Halima, aende na gari ahakikishe kwa macho yake. Halima alikuwa na saa ya mkononi na daftari, na hakuwa na mzaha na hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Jumatano hiyo asubuhi, Madimba, mshale ulipanda kama kawaida.

"Limechemka," alisema Rashidi, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Halima alishuka, akakataa kiti, akasimama kando ya boneti. Aliona kikombe kimoja kikiingia kwenye rejeta na nusu yake kurudi nje. Aliona debe likizunguka nyuma ya nyumba. Alilifuata mpaka kwenye mikorosho mitatu iliyonawiri kuliko yote ya Madimba, akaitazama kwa muda, akaandika kitu.

"Leo tunakwenda kubadilisha kile kidude," alimwambia Mwanakombo walipokuwa wanaagana. "Hutasumbuka tena kuchota maji, dada yangu."

"Alhamdulillahi," alijibu Mwanakombo, akamtazama Rashidi. Rashidi alikuwa anatazama tairi.

Mtwara walimkuta fundi Petro, mtu wa Songea, kwenye karakana yake karibu na bandari. Petro aliwaacha wanywe maji, injini ikapoa kabisa, kisha akafungulia swichi bila kuwasha, akakigonga kidude kwa spana. Mshale ukaruka hadi kwenye wekundu. Akachomoa waya kwenye kidude, mshale ukaanguka.

"Injini baridi kama mtungi, na huyu anasema inachemka," alisema Petro. "Shimo moja barabarani linatosha. Dereva, hukuwahi kushtuka?"

"Mimi si fundi," alisema Rashidi.

"Hujawahi hata kuigusa kwa mkono?"

"Nimezoea kuamini geji."

Halima alikohoa.

Petro alikuwa na kidude kingine, alichokitoa kwenye Land Rover iliyokufa kila kitu isipokuwa hicho. Alikijaribu kwanza kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa jikoni, waya mmoja huku na mwingine kule, mshale ukapanda polepole kwa adabu. Akapunguza maji ya rejeta, akafungua kile kibovu kwa spana, akasafisha tundu na kuandaa ringi mpya ya shaba.

"Tukizungushie uzi," alipendekeza Rashidi, "maji yasije yakavuja."

"Hapana. Ukizungushia uzi hakigusi chuma vizuri, na kisipogusa chuma kinadanganya."

"Kinadanganya vipi?" aliuliza Rashidi, kwa hamu kubwa kuliko ilivyofaa.

"Mshale haupandi kabisa."

Hamu ikamwisha. Petro akakaza.

Wakati wa kurudi mshale ulipanda hadi katikati, ukatulia hapo. Rashidi aliutazama mara nyingi kuliko alivyoitazama barabara. Alipita mashimo kwa makusudi, akaongeza gea, akapunguza gea. Mshale haukujali. Alikuwa anaogopa, na tusimcheke sana. Kwa miaka mitatu hakuwahi kujieleza kwa yule mwanamke, maana mshale ulimsemea. Sasa ulikuwa umenyamaza, na yeye hakujua aanzie wapi.

Nyumba ya tano ya Madimba ikaja, nyumba ya nne ikaja. Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni, amevaa ile doti ya kijiji, debe miguuni. Mguu wa Rashidi ukakataa kukanyaga breki. Nyumba ya tatu ikapita. Ya pili ikapita.

"Nyumba imepita," alisema Halima bila kuinua macho kwenye daftari.

Rashidi akasimamisha gari. Akarudi nyuma taratibu mpaka mlangoni, akashuka, akavua kofia.

"Limechemka?" aliuliza Mwanakombo.

"Halijachemka."

"Sasa umesimama kwa nini?"

Abiria wote walichungulia kutoka nyuma ya gari, hata kuku aliyefungwa miguu. Rashidi alizungusha kofia mikononi. "Nimesimama kwa ajili yako," alisema. "Hata zile siku nyingine. Nilikudanganya, Mwanakombo, nikakuchosha na maji."

Mwanakombo aliinama, akaliinua lile debe kwa kidole kimoja. Halikuwa na hata tone.

"Maji ya rejeta ninayajua, Rashidi. Hayamwagiwi mikorosho," alisema. "Nimechota miaka mitatu nikikungoja useme. Mikorosho imepandwa, imekua, mwaka huu imezaa, wewe bado unaniambia habari za gari."

Mtu mmoja alicheka nyuma ya gari, akapigwa kiwiko.

"Mwenye kuniozesha ni kaka yangu, yuko Mikindani," aliendelea Mwanakombo, safari hii polepole. "Kama una la kusema, yeye ndiye wa kuambiwa."

"Gari halipiti Mikindani," alisema Rashidi kwa unyonge. "Mwisho wetu Mtwara. Na kamati haitaki kuchelewa."

Halima alitazama saa yake. Kisha akafungua daftari, akakata mstari mmoja, akaandika mwingine juu yake.

"Jumamosi litapita," alisema. "Toa kiti, dada, na mimi ninywe hiyo chai."