Masikio ya Epiphanie

Kundi letu la WhatsApp liliitwa Uzi Moja, na mwanzoni halikuwa na kazi nyingine ila mashono. Mimi, Kahambu, nauza liputa, vitenge vya kushonea, hapa Pinga, mashariki mwa Kongo, katika duka ambalo mume wangu Jacques alilifungua tulipotoka Butembo. Wateja wangu wengi ni mafundi wa kushona wa vijiji vya mbali, nikaona afadhali niwaunganishe: mzigo mpya ukifika natuma picha, kila mtu anachagua rangi yake, pikipiki inapeleka.

Lakini wanawake wakikutana, hata ndani ya simu, hawaishii kwenye vitambaa. Haikupita miezi mingi tukawa tunajua nani amegombana na wifi yake, maharagwe ya nani yameliwa na mbuzi, mtoto wa nani ameota jino. Asubuhi kundi liliamshwa na Anastasie wa Nyabiondo, mkulima na fundi, mtu wa mzaha, aliyetusalimu kwa sauti: "Bamama, muliamuka? Miye nimeamuka, lakini mugongo ingali inalala!" Valérie wa Mpeti alimjibu, naye kwa sauti, jogoo wake akiwika nyuma.

Mukankusi hakuwa msemaji. Alilima kwenye kilima kilicho juu ya Kalembe, na watu wa kwao na watu wa akina Valérie walikuwa wameacha kusalimiana tangu vita viwagawe. Ndani ya Uzi Moja hakuna aliyemuuliza habari ya kabila lake. Aliulizwa bei ya vifungo.

Epiphanie, aliyeishi peke yake Kalembe na cherehani yake, yeye aliandika tu. Sauti zetu hakuzijibu kamwe. "Andika, dada," alisema, "spika ya simu yangu ilikufa." Tulimtania kwamba simu yake imezeeka kuliko bibi yake, kisha tukazoea, kila jambo la maana tuliliandika tena kwa ajili yake.

Na yeye ndiye hakumsahau mtu. Nyumba ya Anastasie ilipochomwa wapiganaji walipopita Nyabiondo, sisi tulilia naye kidogo, halafu kila mmoja akarudi kwenye mambo yake. Epiphanie aliendelea kumwandikia kila mchana, mbele yetu sote: "Umekula nini leo?" Anastasie akijibu kwamba hakula, Epiphanie hakumhubiria. Alimwandikia Valérie, Valérie akamwandikia binamu yake wa Nyabiondo, na kabla ya jua kuzama fufu na mboga ya sombe vilikuwa vimefika kwenye darasa la shule alikojibanza Anastasie. Baadaye Anastasie aliniambia kwamba kuna siku alioga kwa sababu tu alijua mtu atamuuliza kuhusu chakula, na akaona haya kula akiwa mchafu.

Wengi wetu hatukuwa tumeonana uso kwa uso.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua mapigano yaliingia Kalembe. Nilikuwa nafungua furushi la liputa Epiphanie alipoandika: "Dada zangu, watu wanakimbia. Jirani amepita na godoro kichwani. Risasi zinatoka upande gani?"

Nilishangaa. Aliyeko Kalembe ni yeye, mimi wa Pinga nijue kwa njia gani? Nikamwandikia: "Simama kidogo, sikiliza. Ukisikia zinalia upande huu, kimbilia upande ule."

Jibu lake lilikawia. Lilipofika, lilikuwa refu.

"Kahambu, miye sisikii. Homa ilinikamata masikio nikiwa mutoto mudogo. Spika ya simu iko muzima. Niliogopa mutanionea huruma, halafu mutaacha kuniambia mambo yenu. Musikasirike. Muniambie tu nipite wapi."

Nilikaa juu ya furushi. Nikafikiri vita vyote alivyopita mwanamke yule, akisoma hatari kwenye nyuso za watu na mwendo wa mbuzi. Nikafikiri sauti zote tulizomtumia, vicheko vyote, na namna alivyotujibu kila mmoja jambo linalomfaa. Nikaanza kuandika kitu.

Mukankusi alinitangulia.

"Miye nasikia. Niko juu ya kilima, nasikia yote. Epiphanie, leo miye njo masikio yako. Shika simu mu mukono, usiiweke mu mufuko."

"Nimeshika."

"Inalia ku mutoni. Usishuke ku mutoni. Panda ku mikaratusi."

"Napanda."

"Sasa nasikia mapikipiki ku barabara, mingi. Toka ku barabara."

"Nimeingia mu mihogo."

"Lala chini. Usiinuke bado."

Kundi ambalo halikujua kunyamaza lilinyamaza. Hata Anastasie hakuandika neno. Hatukuambiana, ila kila mmoja wetu alielewa kwamba neno letu moja lingeweza kusukuma juu la Mukankusi na kulificha. Dukani wateja waliingia, Jacques akawauliza wanataka nini, mimi nikawa nimeinamia kioo cha simu kama mtu anayesali.

"Bado," aliandika Mukankusi. Kisha tena, "Bado." Kisha: "Mapikipiki imepita. Inuka, kimbia."

Tulikuja kujua baadaye kwamba alikuwa amesimama uwanjani kwake, mahali peupe, watoto wake amewaficha nyuma ya nyumba. Chini ya bati mvua ilikuwa inafunika milio, na rezo, mtandao wa simu, haikuingia. Kwa hiyo alisimama mvuani, ameifunika simu kwa kitambaa cha kichwani, akisikiliza kwa niaba ya mtu ambaye hajawahi kumwona.

Epiphanie alipokaribia mgongo wa kilima cha upande wa Mpeti, Mukankusi aliandika: "Ukivuka hapo rezo inakufa. Valérie, uko?"

Hao wawili hawakuwa wamewahi kuitana kwa majina.

"Niko, dada yangu Mukankusi," Valérie akajibu. "Unipe yeye. Sasa iko wangu."

Kati ya mgongo ule na Mpeti kuna msitu, na ndani ya msitu njia zinagawanyika. Njia moja ilikuwa inaelekea mahali wenye bunduki walipopiga kambi. Mtu akipotea humo watu husimama pembeni na kumwita, naye hufuata sauti. Huyu ungemwita mpaka koo lipasuke. Valérie alifikiri hayo akiwa amesimama mlangoni, halafu akaingia ndani na kutoka na liputa mpya ya manjano, ile niliyomtumia ya kushona sare za arusi.

Mume wake, Faustin, akamzuia. "Unaenda kupepea kitambaa hapo juu? Wenye bunduki batakuona!"

"Na yeye ataniona," Valérie akasema, akapita.

Alidhani atakuwa peke yake. Alipofika penye uwazi na kuanza kuipunga, aligeuka akamwona jirani yake anapanda nyuma na liputa nyekundu. Nyuma ya jirani, mkwe wa jirani. Wakafuata wanawake ambao hata simu hawana, ambao neno Uzi Moja hawakulijua. Waliambiwa tu kwamba kuna mama asiyesikia anakuja kupitia msituni. Wakajipanga penye kila njia panda, huyu akimwona yule, na kila mmoja akakunjua nguo yake na kuinyanyua. Faustin naye akaja, amebeba shuka la kitanda chao.

Epiphanie alituambia kwamba alipotoka kwenye giza la miti, amelowa, hajui kushoto wala kulia, aliona kitu cha manjano kinapepea juu ya majani. Akakifuata. Mbele yake akaona chekundu, kisha cha bluu. "Nilifikiri nimekufa," alisema, "na kwamba mbinguni njo kuko hivi, bamama wananionyesha njia na nguo zao."

Sisi tulingoja. Mukankusi aliuliza, "Amefika?" na hakuna aliyejua. Hatimaye ikaja picha: mwanamke mwembamba mwenye matope mpaka magotini, amekaa jikoni kwa Valérie, amefungwa liputa ya manjano, anakula ndizi. Chini yake Valérie aliandika: "Muone."

Nilipiga kelele dukani, mteja akaangusha chumvi aliyokuja nayo kutoka sokoni.

Nzabandora, mwendesha pikipiki wetu, alimleta Pinga njia ilipotulia. Nilimkuta barazani, mdogo kuliko nilivyomfikiria. Alinishika mashavu kwa mikono miwili, akaniangalia mdomo. Kisha akatoa simu na kuniandikia, nami nimesimama mbele yake: "Mama Kahambu, sauti ya Anastasie iko namna gani? Nimetamani kuuliza tangu zamani."

Nikafikiri. Nikaandika kwenye kundi ili wote wasome: "Iko kama mafuta ya mawese ikiyeyuka mu sufuria."

Valérie akaandika: "Muongo! Iko kama baiskeli bila mafuta."

Epiphanie akacheka. Kicheko chake hatukuwahi kukisikia hata mara moja. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha kupasua, kisichojipima kwa sababu mwenyewe hakisikii, na wapita njia wakasimama kumwangalia. Nilimwomba kwa ishara acheke tena, nikashika simu karibu na kinywa chake, nikakituma kwenye kundi. Anastasie alikisikiliza Nyabiondo. Akaandika, hakutuma sauti: "Bamama, ninalia mu shamba."

Epiphanie alikaa kwangu mpaka Kalembe ilipotulia, akishona barazani. Aliporudi alikuta cherehani yake imechukuliwa, tukampelekea nyingine, imefungwa juu ya pikipiki ya Nzabandora. Siku ya soko iliyofuata Mukankusi aliteremka kutoka kilimani na kikapu cha maharagwe, akasimama mlangoni kwa Epiphanie bila kubisha, kwa sababu alijua hakuna faida ya kubisha. Akangoja ainue macho kutoka kwenye mshono.