Kadi ya Kulinda Nyimbo za Bi Mwajabu

Najma hakuwahi kuona kitu kilichotumika kikiuzwa ghali kuliko kipya. Ndiyo maana siku Gaspar, fundi wa kompyuta, alipomtajia bei ya kadi yake kuukuu, hakubishana naye. Alimmiminia chai, akamtazama akinywa, na moyoni akajiambia: huyu ananitafuta.

Shida ilianzia kwa marehemu mama yake. Bi Mwajabu alikuwa kungwi wa kutajika Mtoni nzima mpaka Mbagala, na alipoona afya inampa mgongo, aliziimba nyimbo zake zote za unyago mbele ya redio kaseti. Zikajaa kanda sitini na mbili. Sharti lilikuwa moja: mwanamume asizisikie. Najma, mpiga chapa wa ofisini, alizihamishia kanda hizo kwenye kompyuta aliyoipata mnadani, moja baada ya nyingine, miezi minane. Akafanya la maana, kwa kuwa mvua za El Niño ziliingia mpaka uvunguni, kanda zikalowa, zikaota ukungu. Sasa nyimbo zilibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye diski moja iliyoanza kukohoa kila akiiwasha.

Gaspar alimshauri asizihamishie kwenye diski nyingine moja, maana nayo ingekufa siku yake. Atafute kadi ya RAID, aifungie diski tatu ambazo tayari alikuwa nazo. Kadi ingegawa mzigo, kila diski ibebe fungu lake na kitu cha kukumbushia mafungu ya wenzake. Moja ikifa, mbili zinaziba pengo.

"Kwani una nini humo, dada?" aliuliza Gaspar.

"Karatasi za ofisi."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akanywa chai. Lakini kompyuta hiyo ililala kwake Tabata wiki nzima mwezi Machi, ilipoungua kifaa cha umeme, na tangu siku ile Najma alikuwa akimtazama Gaspar usoni kwa muda mrefu kuliko inavyopasa.

Alikwenda kwanza Magomeni, kwenye duka la Thuwaini, aliyekuwa na kadi mpya ndani ya boksi. Thuwaini aliifuta vumbi kwa kiganja.

"Haijaguswa na mtu hii, dada. Ya huyo fundi wako imeshazeekea kwenye kampuni za watu."

"Niwekee kwenye mashine niione."

"Glopu tunajaribu. Hii nikiifungua, umeshanunua."

Najma akaligeuza boksi. Pembeni nailoni ilikuwa imechanika, ikaunganishwa kwa selotepu.

"Na hii?"

"Panya."

"Panya wenu wananunua selotepu?"

Wateja wawili wakacheka, na Thuwaini mwenyewe akacheka. "Una ulimi wewe. Tangu babu yangu, duka hili halijarudishiwa kitu."

"Mtarudishiwaje?" Najma akaonyesha kibao ukutani kilichosema mali ikiuzwa hairudi. "Haya, betri yake iko wapi?"

"Betri ya nini? Kwani redio?"

Hapo Najma akalirudisha boksi mezani taratibu. Gaspar alikuwa amemweleza kwamba kadi ya kweli ina betri yake, ili umeme wa mgao ukikatika katikati ya kazi, kadi ikumbuke ilichokuwa inaandika mpaka umeme urudi. Thuwaini hakulijua hilo. Lakini Najma alitoka dukani akijiuliza kama swali la betri lilikuwa lake mwenyewe, au Gaspar alimpandikizia makusudi ili asinunue kwingine.

Akaamua kadi ya Gaspar ijaribiwe nyumbani, mchana kweupe, na akamwita Bi Mwanabaraka aje kukaa. Bi Mwanabaraka alikuwa kungwi mwenza wa marehemu Bi Mwajabu. Alikuwa amevuka sabini, na siku hizi akianza wimbo huu alimalizia kwa mwingine, ila macho yake hayakuwa yamesahau kitu. Alikaa mkekani na kijaluba chake cha tambuu.

"Shikamoo, bibi," alisema Gaspar.

"Marahaba, baba. Fanya kazi yako, usinione mimi."

Gaspar alifunga kadi, akaunganisha diski tatu tupu, akaanza kuziwekea kasida ambazo Najma alizirekodi redioni. Kazi ikiwa inaendelea, Najma akainuka bila kusema neno, akaenda ukutani na kuzima swichi kuu. Nyumba nzima ikanyamaza. Alimgeukia Gaspar haraka aone uso wake.

"Vizuri," alisema Gaspar. "Kaa hata robo saa, kisha washa."

Alipowasha, kila kilichokwisha kuandikwa kilikuwepo. Gaspar akamwambia achomoe diski yoyote aipendayo. Najma akachomoa ya katikati. Kadi ikapiga kelele, piii, piii, kama ndege aliyekanyagwa, na kasida ikaendelea kuimba bila kukwama. Alipoirudisha, kadi ikaanza kuijaza upya yenyewe, na mpaka adhuhuri ilikuwa imemaliza.

Kadi haikuwa na lawama. Ilibaki mtu mwenyewe.

Bi Mwanabaraka akatema tambuu, akaanza kuimba polepole, kama anayejiimbia: "Kinu changu cha mpingo, mama, nani atakuja kunitwangia?" Ni wimbo wa kungwi, na jibu lake hakuna aliyewahi kulisikia asicheke au asione haya. Aliimba huku akiyatazama masikio ya Gaspar. Gaspar alikuwa ameinama, anakaza skrubu. Hakucheka, hakuona haya, hakuinua hata kichwa.

"Hajui kitu huyu," Bi Mwanabaraka alimnong'oneza Najma.

Najma hakuridhika. Bibi kizee anaanza kuimba ghafla chumbani, na mtu hageuki hata kumtazama?

Kadi aliichukua hata hivyo. Diski ya zamani ilikuwa imekohoa mara mbili asubuhi ile, wala hapakuwa na wiki nyingine ya kutafuta fundi malaika. Lakini kazi ya kuhamisha nyimbo aliifanya kwa mkono wake. Gaspar alitolewa nje, akasimama chini ya dirisha, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa choo, akawa anamtajia hatua kwa sauti. Ndani sauti ilizimwa kabisa, zikawa zinapita namba tu.

"Imefika ngapi, dada?"

"Arobaini."

"Usiiguse. Iache itembee."

Hamsini. Sitini. Sitini na moja. Diski ya zamani ikakohoa mara tatu mfululizo, ikanyamaza. Najma alizima akawasha, akazima akawasha. Hata kikohozi hakikuja tena.

Kanda ya sitini na mbili ilikuwa ya nyimbo alizotunga mama yake kitandani, wiki zake za mwisho. Bi Mwanabaraka mwenyewe hakuwahi kuzisikia. Najma alikaa, mikono mapajani.

"Imekufa?" Gaspar aliuliza kutoka nje.

"Imekufa. Ya mwisho haikupita."

Sauti ya Gaspar ikaja tena, ndogo: "Dada Najma. Hiyo ya mwisho ninayo."

Alifungua dirisha. Gaspar bado alikuwa ameelekea ukutani.

"Unayo vipi?"

"Ninazo zote. Ile Machi niliona diski yako haitamaliza mwaka. Nikanakili."

"Ukasikiliza."

"Nilitaka kujua kama zimekaa sawa."

"Ulisikiliza ngapi?"

"Mtu kanda sitini na mbili, dada, unadhani ana muda wa—"

"Nimekuuliza ngapi."

Gaspar aliutazama ukuta. "Zote."

Bi Mwanabaraka akasogea dirishani. "Na mie nilipokuimbia?"

"Niliogopa kugeuka, bibi."

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo kwamba unazo?" aliuliza Najma.

"Ningesema, ungenunua kadi yangu?"

Bi Mwanabaraka alikuwa ameshachukua buibui lake. "Vaa, twende Tabata. Tunakwenda kuchukua diski yenyewe. Hatutaki atupe nakala, abaki nazo."

"Bibi, diski ile ina kazi za wateja wangu."

"Utawaambia imekufa. Si zinakufa?"

Najma alifunga chumba, ufunguo akaufundika kwenye pindo la khanga, akamtanguliza Gaspar njiani ili amwone mikono. Walipofika barabarani akamuuliza:

"Na nani mwingine amesikia?"

"Hakuna mwanamume mwingine."

"Sikuuliza mwanamume."

Gaspar alitembea hatua kadhaa. "Mke wangu. Lakini yeye ni mwanamke, dada."

"Amechezwa unyago?" aliuliza Bi Mwanabaraka.

"Kwao hawana mambo hayo."

"Basi naye tunamkuta huko huko, tumcheze," alisema Bi Mwanabaraka, akaongeza mwendo.