Pepo Saba Dukani kwa Mzee Uwesu

Kwa miaka ishirini na mitano Mwalimu Xavery Shigela alisimulia jinsi alivyompata mke wake, na mtu yeyote aliyewahi kukaa naye zaidi ya saa moja alikuwa ameisikia habari hiyo. Aliisimulia kwenye harusi za watu, kwenye vikao vya walimu, na mara moja hata darasani, katikati ya somo la mito na mabonde.

Mwaka 1998, alikuwa akisema, katika duka la Mzee Uwesu pale Gongoni kulikuwa na mashine ya gemu ndefu kama mtu, yenye kioo juu na vijiti viwili vyekundu chini. Jina lake halisi liliandikwa kwa herufi za Kijapani ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma. Ubavuni walichorwa wapiganaji saba, basi vijana wakaiita Pepo Saba. Yeye alikuwa mwalimu mpya wa miaka ishirini na minne, hata mwezi hajamaliza Tabora. Siku moja akiwa amesimama pale, akaingia msichana kutoka Sikonge aliyeleta asali dukani. Akamkaribisha wacheze. Kwenye kioo yeye alikuwa bonge la mtu aliyefunga kitambaa cha buluu kichwani, na msichana alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mundu.

"Hajawahi kushika gemu maishani mwake," Xavery alikuwa akimalizia, "akanilaza chini mara ya kwanza tu. Nikajua huyu ndiye."

Mke wake, Recheli, alikuwa akitabasamu na kuendelea kuwamiminia watu chai.

Habari hiyo haikuwa ya Recheli peke yake, ilikuwa pia ya gemu yenyewe. Xavery alishikilia kwamba tangu ile haijatengenezwa nyingine. Wale wapiganaji, alisema, walikwenda kama maji, hakuna aliyejikwaa, hakuna ngumi iliyopotea. Gemu za siku hizi aliziona za kitoto. Watu walimwamini, maana hawakuwa na la kumpinga. Na Saidi, mtoto wa Mzee Uwesu, ambaye sasa ana karakana ya kutengeneza runinga nyuma ya duka la baba yake, alimwambia kwamba hata mtandaoni amekuta wazungu na Wajapani wakiiita mfalme wa gemu za ngumi, na wakibishana ni mashine ipi ya kuchezea nyumbani iliyoileta nzima nzima kama ilivyokuwa.

Ilipokaribia jubilei yao ya miaka ishirini na mitano ya ndoa, Xavery alipata wazo. Angeitafuta Pepo Saba, aiweke ukumbini, na mbele ya wageni wote yeye na mkewe wacheze tena. Alimwomba Saidi, na Saidi akaagiza kutoka Dar es Salaam mashine kuukuu ya nyumbani pamoja na kaseti yake.

Waliijaribu Jumamosi asubuhi sebuleni, nyumba yao ikiwa upande wa barabara ya Kwihara. Dada yake Recheli, Julieth, alikuwa amefika kutoka Sikonge kusaidia maandalizi, akakaa mlangoni akichambua mchele na kuangalia. Saidi aliunganisha nyaya, picha ikatokea, na muziki ukaanza, mwembamba kama simu inayolia ndani ya ndoo. Xavery alishika pedi ya kuchezea kwa mikono miwili. Wapiganaji walijipanga ili achague mmoja. Walikuwa watano.

Alihesabu tena. Bonge wa kitambaa cha buluu alikuwepo. Mwanamke wa mundu hakuwepo.

Alimchagua bonge, akaanza kucheza na Saidi. Bonge alitembea kama mtu aliyekwama kwenye jaruba la mpunga. Xavery alibonyeza ngumi, na ngumi ikatoka baada ya yeye kwisha kuisahau. Saidi alishinda kwa kubonyeza kitufe kimoja tu, kile kile, mpaka mwisho. Wakarudia, ikawa hivyo hivyo. Xavery aliuliza kama runinga ina tatizo. Saidi akasema runinga ni nzima.

Recheli naye alijaribu, akaiweka pedi chini kabla hajafika mwisho. Aliuliza yule wa mundu yuko wapi. Xavery alisema hajui, na Recheli akacheka. Lakini alasiri, wakiwa wananing'iniza mapazia mapya, hakucheka tena. Alimwambia taratibu tu, bila ugomvi, kwamba labda huyo mwanamke wa mundu alichezwa na msichana mwingine, na kwamba miaka ni mingi na mtu anaweza kuchanganya. Xavery aliapa kwamba hapakuwa na msichana mwingine. Julieth, aliyekuwa ameshika ngazi, alisema wanaume huchanganya sana mambo.

Jumatatu yake Xavery alikwenda kwa Saidi kabla ya kengele ya shule. Saidi alikuwa ameshasoma mtandaoni na alikuwa na maelezo. Zile mashine za kwanza za nyumbani, alisema, zilikuwa na nguvu kidogo, gemu kubwa haikuenea ndani yake, kwa hiyo watengenezaji walipunguza watu, wakapunguza na mwendo. Ipo nyingine iliyotoka baadaye, ya diski, na hiyo ndiyo inayosifiwa kuwa sawasawa na ya dukani. Xavery alishusha pumzi. Alimweleza Recheli hivyo hivyo, na Recheli akaitikia kwa kichwa.

Mashine ya diski ilifika baada ya wiki mbili, kwa basi, kutoka Mwanza. Safari hii wapiganaji walikuwa saba kamili, muziki ulikuwa mnene, na mwanamke wa mundu alikuwepo mwishoni mwa mstari. Ila sura yake ilikuwa gizani. Xavery alipompelekea mshale wa kuchagulia, mshale ulimruka na kurudi kwa bonge. Alijaribu kushoto, kulia, juu, na vitufe vyote kwa pamoja. Saidi alichukua simu yake, akasoma kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba yule hachaguliwi. Ni mpiganaji wa gemu yenyewe, unakutana naye ukishawamaliza wengine sita. Haikuwa hivyo kwenye diski hii tu, bali hata kwenye ile mashine kubwa ya mwanzo.

"Kwa hiyo mke wangu alimchaguaje?" Xavery aliuliza.

Saidi alianza kukunja nyaya.

Xavery aliona amebaki mtu mmoja wa kumwuliza. Mzee Uwesu alikuwa amevuka miaka themanini, anashinda barazani kwa mwanawe akisikiliza redio. Xavery alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akapunguza sauti ya redio. Aliikumbuka mashine vizuri sana. Ilikuja kwa treni kutoka Kigoma, akaiweka dukani, na kwa muda vijana walijaa. Kisha panya wakala nyaya. Fundi alikuja akasema kioo ni kizima, lakini vijiti na vitufe havifanyi kazi tena na vipuri havipatikani. Mzee akaona asiitupe. Akaiacha inawaka, ipendezeshe duka.

Xavery aliuliza hiyo ilikuwa lini. Mzee alisema ni mwaka ule alipofariki mama yake Saidi, yaani tisini na sita.

"Lakini mzee, mimi niliicheza tisini na nane," alisema Xavery.

"Wengi waliicheza, mwalimu," alisema Mzee Uwesu. "Walisimama pale wakabonyeza, mimi nikawaacha."

Xavery aliaga. Njiani alijiambia kwamba mzee umri umemfika na miaka imemchanganyikia. Kisha akajiambia kwamba huenda yeye ndiye aliyekuja Tabora mapema zaidi. Akahesabu: chuo, treni, barua ya ajira, chumba chake cha kwanza kule Ng'ambo. Kila alipohesabu aliangukia tisini na nane. Alipofika nyumbani Recheli alimwuliza mzee kasema nini, naye akajibu kwamba mzee ni mzima na anawasalimu.

Jumapili walipotoka misa, Julieth alibaki kanisani kwa mazoezi ya kwaya itakayoimba kwenye jubilei. Wao wawili walirudi nyumbani. Recheli alipika ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga. Xavery aliwasha gemu, akashika pedi, akaitazama ile sura ya gizani, akaiweka pedi mezani, akaenda kunawa. Walianza kula. Runinga ilibaki inawaka pembeni, imeachwa.

Hawakuwa wamefika nusu ya sahani wakati kioo kilipogeuka cheusi, kisha kikawaka tena chenyewe. Lilitokea daraja la mbao na mwezi mkubwa. Upande wa kulia alisimama bonge wa kitambaa cha buluu. Upande wa kushoto alisimama mwanamke wa mundu. Pedi ilikuwa mezani, hakuna aliyeigusa.

Walianza kupigana, na walikwenda kama maji. Bonge alisukuma, mwanamke akainama, bonge akamkamata na kumtupa, mwanamke akaangukia miguu. Mstari wa nguvu za mwanamke ulipungua mpaka ukabaki kama uzi. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akaruka juu ya bonge, akageuka hewani, na mundu ukashuka. Bonge alianguka chali.

Xavery alikuwa amesimama na tonge mkononi. Alijua mapema kwamba yule mwanamke angeruka. Alijua kwamba angerudi nyuma kwanza, hatua mbili. Alimtazama Recheli, akaona kwamba na yeye alijua.

"Ndiyo yenyewe," alisema Recheli.

Kioo kikawa cheusi, likaja jina la Kijapani, na baada ya muda daraja na mwezi vikarudi, na wale wawili wakaanza tena upya, msukumo kwa msukumo, hatua kwa hatua. Waliitazama yote mara ya pili. Xavery akamweleza mkewe sasa yale aliyosema Mzee Uwesu kuhusu panya na vijiti. Alisema kwamba mashine ilikuwa inajionyesha yenyewe ili kuvuta watu, na wao walikuwa wanatikisa vijiti vilivyokufa. Aliongea kwa sauti ya darasani, polepole, kama vile anayetakiwa kuelewa ni mtu mwingine.

Recheli aliuliza ni nani basi aliyeshinda.

"Hakuna. Nilidhani umeshinda wewe. Yule wa mundu alikuwa wako."

"Hakuwa wangu," alisema Recheli. "Mimi nilikuwa bonge."

Xavery alikaa. Recheli alinawa mikono, akaifuta kwa kitambaa, kidole kwa kidole. Kisha akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Siku ile yeye alisimama upande wa kulia, akashika kijiti cha kulia, na aliyekuwa kulia ni bonge. Alijiona akianguka chali. Alijua ameshindwa. Kisha yule mwalimu kijana akamgeukia na kusema mbele ya watu wote dukani kwamba yeye ndiye ameshindwa na msichana. Recheli alidhani anamwachia ushindi. Nyumbani kwao Sikonge alikuwa na kaka wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwachia kitu. Usiku ule alimweleza Julieth kwamba amekutana na mtu muungwana.

"Na kila uliposimulia, niliona bado unaniachia," alisema. "Kwa hiyo hukuniachia."

Xavery alitaka kusema kwamba angeweza kumwachia, kama angejua. Hakusema, kwa sababu hakuwa na hakika. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na alipenda sana kushinda. Alijaribu kukumbuka alisimama upande gani, na alijiona kulia, mashine ikiwa ukutani karibu na magunia. Lakini kulia alikuwa Recheli. Wasingeweza kuwa kulia wote wawili. Alipomwambia hivyo, Recheli alifikiri kidogo, akasema kwamba magunia yalikuwa upande wa pili wa duka. Walibaki wamekaa hivyo, na kwenye runinga bonge alianguka tena, na tena, mpaka Julieth alipopiga hodi na Recheli akainuka kuizima.

Jubilei ilifanyika Jumamosi iliyofuata. Gemu haikupelekwa ukumbini. Saidi aliyejiandaa na nyaya zake aliambiwa aje kula tu, akaja, na Mzee Uwesu akaja pamoja naye, akawekwa mbele. Baada ya misa na keki, wageni walianza kupiga meza wakitaka habari ya Pepo Saba. Xavery alisimama na kipaza sauti. Alisema kwamba walikutana mwaka 1998 dukani kwa Mzee Uwesu aliye hapa, kwamba palikuwa na mashine, na kwamba kwa sasa hajui vizuri ni nini kilitokea. Watu walicheka, wakasubiri. Alirudia kwamba kwa kweli hajui, wakacheka zaidi, naye akakaa.

Ndipo Recheli alipochukua kipaza sauti, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Hakutaja gemu. Alisema kwamba siku ile mwalimu alimsindikiza kwa miguu mpaka stendi ya magari ya Sikonge. Gari lilikuwa halijajaa. Mwalimu alisimama juani nje ya dirisha lake muda wa saa mbili, akimweleza majina ya mawingu, mpaka gari likaondoka. Kisha alimrudishia kipaza sauti mshereheshaji, na ukumbi ukapiga makofi, na kwaya ikaanza kuimba.

Xavery alipiga makofi pamoja na wengine. Alitafuta kichwani mwake stendi, dirisha, jua, na hakuona chochote. Mawingu alikuwa akiyajua kwa majina, hilo ni kweli. Alisubiri mpaka Recheli alipopita karibu na sahani za pilau, akamshika mkono na kumwuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli alisimama pale saa mbili.

Recheli alimtazama vizuri, kama mtu anayelinganisha sura na picha.

"Nadhani ulikuwa wewe," alisema, kisha akaenda kuangalia kama pilau imefika meza za nyuma.