Kinasa cha Pili cha Hosea

Jumamosi ile mume wangu Hosea alilitoboa gitaa lake la besi juu ya meza yangu ya jikoni, mkate wa mahindi ukiwa bado kwenye oveni.

Wiki nzima alikuwa hatulii. Anakaa, anasimama, anafungua friji, anaifunga bila kutoa kitu. Sababu niliijua, na kanisa letu zima la Mlima Pisga liliijua. Gitaa lake lina tumbo tupu na ubao mwembamba, na shingoni halina vile vyuma vya kugawa noti. Kidole kinatafuta mahali chenyewe, halafu sikio ndilo linasema hapo sawa au hapo si sawa. Sasa masikio ya Hosea yamechoka. Gitaa lilikuwa na kinasa sauti kimoja tu, kile kidude cha sumaku kinachokaa chini ya nyuzi, na kilikuwa karibu na shingo, huko sauti inakotoka nene kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Kinanda kikilia, ngoma zikipigwa na kwaya ikisimama, Hosea hajisikii. Jumapili iliyopita alipiga pembeni ya noti wimbo mzima, mpaka wanakwaya wakageuka kumtazama.

Baada ya ibada Dada Claudine Pettway, mpiga kinanda wetu, kile chenye mbao za kupigwa kwa miguu huko chini, alimngoja mlangoni, viatu vyake vya kupigia kinanda mkononi.

"Shemasi Tubbs, besi naweza kuipiga kwa miguu yangu. Pumzika kidogo, baba."

"Nipumzike, nimekufa?"

"Sijasema hivyo."

"Miguu yako imesema."

Claudine hakucheka. "Basi njoo Jumapili moja zaidi. Nikisikia yale yale, stuli yako naitoa."

Ndipo Hosea akaingiwa na wazo la kinasa cha pili, kikae huku nyuma karibu na daraja la nyuzi, ambako sauti ni kavu na kali. Alisema akipata ule ukali atajua kidole kimetua wapi.

"Si umpelekee fundi?" nikamwuliza.

"Fundi ana foleni mpaka Pasaka, Arvella. Mimi nina kesho. Shika hapa."

Nikalishika gitaa kama unavyomshika mtoto anayechomwa sindano. Akabandika karatasi ya gundi, akachora, akatoboa pembe kwa keekee, akaanza kukata. Kipande cha ubao kikaanguka ndani ya tumbo, kikawa kinagongagonga. Hosea akasimama, akaenda dirishani, akarudi.

"Nimeliua?"

"Hujaliua. Kata."

Kazi ngumu ikawa ya nyaya. Gitaa la namna hii halina mlango nyuma. Kila kitu kinatolewa na kurudishwa kupitia lile tundu lililojipinda usoni kwake. Nikafunga uzi wa kushonea majoho ya kwaya kwenye kila kidude cha ndani, vitufe vya sauti na soketi, kisha nikawa navuta polepole. Hosea ananipumulia shingoni: "Vuta! Vuta basi!" Nikamwambia akikata uzi wangu atapika chakula cha jioni mwenyewe. Kabla ya nyaya kukaa, ikatoka soksi moja ya kahawia.

"Hosea! Soksi hii nimeitafuta nchi nzima."

"Niliitia humo gitaa lisipige mayowe mbele ya spika. Irudishe, irudishe."

Tukaunganisha spika. Kinasa cha zamani peke yake, sauti ile ile nene. Kipya peke yake, kikali na safi, hata mimi nikakisikia kidole kikitua. Akafungua vyote viwili kwa pamoja, na besi ikapotea. Kikabaki kisauti chembamba cha mtu aliyebanwa pua.

Hosea akaliweka chini gitaa, akatoka nje bila koti. Nikamwona anazunguka gari letu, anapiga tairi teke. Nikatoa mkate kwenye oveni, nikampelekea kipande.

"Kila kimoja peke yake kinaimba?" nikamwuliza.

"Kinaimba."

"Basi si tundu lililoharibu."

Akatafuna. Akaacha kutafuna. "Vinagombana," akasema. "Kimoja kinasukuma, kingine kinavuta. Nimegeuza nyaya za kile kipya!" Akakimbilia ndani na mkate mdomoni. Tukavitoa vidude vyote tena kwa tundu lile lile, akabadilisha nyaya mbili, akalehemu, nikavuta tena nyuzi zangu. Safari hii, vyote viwili vilipofunguliwa, sahani kabatini zilitetemeka.

Jumapili alikaa kwenye stuli yake, goti likimchezacheza. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, upande ambao naiona miguu ya Claudine.

Wakati wa ushuhuda Mama Earline Gaines akasimama, akaanza wimbo. Kwetu hakuna anayemwambia mpiga muziki anaanzia noti gani. Mtu anaanza anapotaka, nyinyi mnamtafuta. Claudine akajaribu, akawa juu ya sauti yake. Akashuka kitufe kimoja, akawa chini yake. Mama yule alikuwa anaimba katikati, kwenye ufa wa vitufe viwili, wala hakuwa na haja ya kuhama. Watu wakaanza kuangalia chini.

Hosea akainamisha kichwa. Akaweka kidole, akakisogeza polepole, kidogo tena, huku anasikiliza. Goti likatulia. Kikatua pale pale alipokuwa Mama Earline, na besi ikamwinua yule mama kama mkono chini ya kiwiko.

Nikatazama miguu ya Claudine. Ikainuka kwenye mbao zake, ikabaki hewani, kisha akaikunja chini ya benchi. Mikono nayo akaiweka mapajani. Wimbo wote ukaenda kwa besi na makofi.

Ibada ilipokwisha, Claudine akaja moja kwa moja akaishika stuli. Akaiburuta mpaka ubavuni mwa kinanda chake, karibu kabisa.

"Kaa hapa, baba," akasema. "Nataka kukusikia."

Hosea akaitikia kwa kichwa kama mtu asiye na habari. Kwenye gari hata mkanda hajafunga.

"Kile kinasa kipya kimekaa juu kidogo, Arvella. Nikikishusha unywele mmoja tu..."

"Endesha, Hosea."