Sauti Iliyohamia Wodini

Jumapili hiyo, waimbaji wakinyoosha majoho yao na mpiga kinanda akitafuta miwani, kiongozi wa sauti ya kwanza, ambaye kwaya nzima ilimwita Kinubi, alifungua kinywa kuanzisha wimbo na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Kwaya ikaanza bila yeye, ikapanda juu kupita kiasi, ikashuka ilivyoweza.

Ibada ilipokwisha, muuguzi wa hospitali ya jirani alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Dada, sauti yako ya kuimba iko kwetu, wodi ya wazee. Ni nzuri, hatukatai, ila dawa hazigawiwi. Kila mtu anasikiliza."

"Nakuja kuichukua," alisema Kinubi.

Alikuwa na haraka nayo. Kwaya ya taifa ilikuwa imemchagua kuwa mwimbaji wake mkuu, safari ya ng'ambo ilikuwa inakaribia, na jambo hilo alikuwa amelilia tangu yuko shule. Hakulionea aibu. Alitaka jina lake lisikike, tena mbali.

Wodi ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, mahali ambapo mgeni hafiki kwa bahati tu. Sauti ilikuwa juu ya kitanda cha dirishani, inamalizia ubeti. Bibi aliyelala hapo alimtazama Kinubi kutoka kichwani hadi viatuni.

"Mwenyewe ndiye wewe? Nilidhani utakuwa mnene."

Kinubi aliketi ukingoni mwa kitanda, akamsaidia kugeukia ubavu wa pili, na sauti ikamrudia kooni kama kawaida. Akaimba. Alipovuka mlango kwenda zake, ikabaki ndani.

Wiki nzima alifanya kila hila. Alikunywa tangawizi, akajifunga skafu shingoni, akatoka wodini mbio huku ameziba mdomo kwa mkono. Alisali pia, kwa bidii. Lakini alijua fika kwamba jibu ameshapewa, na kwamba anachoomba ni jibu jingine. Siku alipokubali hivyo alilia sana, kisha akanawa uso na kwenda kwa mwenyekiti wa kwaya.

"Siendi safari. Mungu ameniita wodini."

"Acha utani, mwanangu! Watu wanaitafuta nafasi hiyo kwa udi na uvumba. Wale wazee wapelekee redio."

"Nimeshaamua, baba."

"Umeamua kujizika. Wodi yenyewe ipi?"

"Ile aliyolazwa mama yako mzazi. Kitanda cha dirishani."

Mwenyekiti alikohoa. Alianza kupanga vitabu vya nyimbo ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Basi msalimie sana. Mwambie nikipata wasaa nitapita."

Kabla Kinubi hajafika getini alimsikia akipiga simu kutaja mwimbaji mwingine wa safari. Ilimuuma, tena vibaya. Hakugeuka nyuma, akaenda moja kwa moja wodini.

"Mwanao anakusalimu," alimwambia bibi. "Anasema akipata wasaa atapita."

"Ziweke hapo na zile nyingine."

Kiti cha wageni kilikuwa kimejaa salamu hadi kwenye egemeo, za chini zimeshashika vumbi. Kinubi alizisawazisha zisije zikaanguka, akaweka hizi juu, akafunga aproni, akaanza kuimba akiwa amesimama.