Kilima cha Sungura

Maji yalikuwa palepale tulipoyaacha jana. Dervla Gilrane, mkaguzi wa udongo, alichutama ukingoni mwa shimo, akatumbukiza kijiti chake cha kupimia, akakitoa, akakifuta kwenye suruali. Mzee Francie McMorrow, mwenye shamba, alisimama ng'ambo ya shimo mikono mfukoni, akiyatazama maji kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyelala akakataa kuinuka.

Hilo lilikuwa shimo la tatu. Yote niliyachimba mimi kwa kijiko changu, mashine kuukuu ya kuchimbia niliyorudi nayo kwetu, kaunti ya Leitrim, baada ya kuchimbia watu mitaro Glasgow, Rotterdam, na kwingine ambako sikukaa hata nikalijua jina la jirani. Kote huko sijaona udongo kama wetu. Ukichimba shimo unapata bakuli. Watu wa kaunti nyingine hututania kwamba ardhi ya Leitrim haiuzwi kwa eka, huuzwa kwa galoni, nasi hucheka pamoja nao, maana ukikasirika umekubali.

Siku ile hakuna aliyecheka. Binti wa Francie, Majella, muuguzi huko Boston, alitaka kurudi na mumewe na watoto, wajenge nyuma ya nyumba ya wazazi. Tayari vigingi na kamba vilikuwa vimepigwa kuonyesha jiko litakaa wapi. Lakini baraza la kaunti kabla ya kuuliza habari ya jiko huuliza maji ya choo yatakwenda wapi. Bomba la mji halifiki kwetu. Kila nyumba ina karo lake, tangi la maji machafu lililofukiwa ardhini, na maji yanayotoka kwenye karo hupita katika mabomba yenye matundu, ardhi ikayanywa taratibu na kuyasafisha. Ardhi isiponywa hakuna kibali, na bila kibali hakuna nyumba. Majella alishasema kwenye simu, kwa upole, kwamba mwaka huu ukipita watanunua hukohuko. Mtoto mkubwa anaanza shule, na mtu hawezi kulea watoto mguu ndani mguu nje.

Francie alikuwa amejiandaa kwa namna yake. Kabla hatujaja alifyeka majani ya kinamasi shamba zima, akidhani mkaguzi hupima kwa macho. Dervla alipofika aliyatazama mabua yale, akamwambia, "Mzee, umemnyoa mgonjwa ndevu. Homa bado iko palepale." Attracta, mke wa Francie, alicheka mpaka akaishika nyonga yake mbovu. Isitoshe, mzee alikuwa ameshanunua changarawe ya kulazia yale mabomba, lundo zima limekaa getini. Machimbo yalikuwa karibu kufungwa, aliniambia, na mtu hangoji ngoma ilie ndipo atafute viatu.

Sasa Dervla aliinuka, akatupa macho mwisho wa shamba, penye kilima kidogo na miti ya miiba. Sungura walikuwa wakiingia na kutoka. Akauliza mbona hatukumpeleka kule. Sungura, alisema, hachimbi nyumba yake kwenye tope.

Francie alijibu upesi kwamba pale ni ngome, makao ya wale watu wadogo wasioonekana, majini wa kwetu, na hakuna mwenye akili timamu anayetia koleo pale. Kwetu jibu hilo linatosha. Nimeona barabara ikipindishwa kwa ajili ya mti mmoja wa miiba, na aliyeipindisha alikuwa msomi. Dervla akaanza kukusanya vifaa vyake.

Aliyelikataa jibu hilo ni Attracta. Alikuwa ametuletea chai na mkate wa magadi, akaweka sinia juu ya ukuta wa mawe.

"Francie, wewe? Ngome ya shamba la chini si uliisawazisha mwenyewe ukapanda viazi? Tukavila. Wala hukuota hata kipele."

"Ile ilikuwa nyingine."

"Kumbe watu wadogo wa huku ndio wakali?" Akanigeukia. "Jarlath, washa mashine yako. Huyu mzee mwache na majini yake."

Nikawasha. Nilikwenda polepole, magurudumu yakizama, Dervla akitangulia na Attracta nyuma yake na fimbo. Tulipokaribia miiba, Francie alitupita akikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Akasimama mbele ya ndoo ya kijiko, nami nikazima injini. Kisha akavua kofia. Francie McMorrow hakuvua kofia ila kanisani na mbele ya maiti.

"Attracta," alisema, "mvulana yuko hapa."

Attracta hakuuliza mvulana gani. Walikuwa na mmoja tu, aliyetangulia kabla ya Majella, akazaliwa bila kuvuta pumzi. Sisi majirani tulimjua kwa jinsi alivyokuwa hatajwi. Enzi zile mtoto asiyebatizwa hakupokelewa katika makaburi ya kanisa. Baba wa mtoto alimchukua peke yake, jua likiwa linazama, akamtafutia mahali panapochimbika, akaweka jiwe jeupe lisilo na jina. Mama hakuambiwa. Watu walidhani ndiyo huruma yenyewe. Na watoto wakiuliza kwa nini kilima kile hakilimwi, wazee walisema ni ngome ya watu wadogo.

"Uliniambia masista walimchukua," Attracta alisema. "Uliniambia amezikwa Sligo, kwenye bustani yao."

"Nilisema hivyo ili usimtafute."

"Nimepita hapa na ndoo ya maziwa miaka yote hii."

"Najua. Nilikuwa nakutazama."

Upepo ulikuwa ukivuma kwenye miiba. Dervla, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yao, alisogea kando, halafu akarudi, maana kazi yake ilimtaka aseme. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba akipima hapa huenda ardhi ikayanywa maji. Ndiyo sehemu pekee shambani yenye changarawe chini. Lakini hapimi mpaka wao wenyewe wamwambie.

Attracta aliuliza hayo maji ya choo yangepita upande gani.

"Kilima chote, mama. Ni kidogo. Hakuna pa kukwepa."

Francie alikuwa bado ameishika kofia. "Amua wewe," akamwambia mkewe. "Mimi niliwahi kuamua peke yangu."

Attracta aligeuka kuitazama nyumba. Kutoka pale vigingi vya Majella vilionekana vizuri, na kamba ilikuwa imelegea kwa mvua. Katika watu wote, yeye ndiye aliyeitaka nyumba ile zaidi. Wajukuu wake aliwajua kwa picha, na mdogo kwa kilio cha kwenye simu.

"Liandikie baraza," alimwambia Dervla, "kwamba ardhi imekataa."

"Na Majella?" Francie aliuliza.

"Majella nitamwambia mimi. Yote. Usinifundishe tena la kuficha." Kisha akasema, "Nionyeshe."

Mzee alipiga magoti kati ya miiba, akatenganisha nyasi kwa mikono miwili, likaonekana jiwe ukubwa wa mkate. Yalikuwapo mengine pembeni, ya watoto wa watu wengine, lakini hakusita kulitambua lake. Attracta hakuweza kupiga magoti kwa sababu ya nyonga, akashika bega la mumewe ili asianguke.

"Alikuwa na nywele?"

"Nyingi. Nyeusi, kama za baba yako."

"Hawakunionyesha."

Dervla alinishika mkono, nasi tukaondoka. Nikarudi kuyafukia mashimo yangu matatu. Kila nilipomimina udongo, maji yalipanda yakamwagika juu ya nyasi.

Majella alikuja kiangazi na watoto, akakaa kidogo, akarudi. Wamenunua nyumba huko, na nimesikia ina ua mzuri.

Lakini kabla ya hayo, juma lililofuata siku ile ya kilimani, nilikwenda kuuchukua mnyororo niliousahau shambani. Nikamkuta Francie na toroli na koleo. Lundo la changarawe getini lilikuwa limepungua karibu nusu. Alikuwa akitengeneza njia, kuanzia mlango wa jikoni, kukatisha shamba lile linalomeza buti, kuelekea kilimani. Nilimwambia ningeimaliza kwa kijiko kabla ya chai. Alikataa. Mashine itavuruga, alisema, na ardhi hii haimbebi mtu mwenye fimbo.

Nilimuuliza hali ya Attracta.

"Hasemi na mimi," alisema, akiegemea toroli. "Ananipa chakula, ananifulia, hasemi. Ila jana alifungua dirisha akaniambia njia niipindishe kidogo kushoto, hapo katikati kuna maji."

Nilitazama. Kweli ilikuwa imepinda.

Koleo la pili lilikuwa limeegemea ukuta. Nikalichukua.