Nyumba ya Pili ya Winifrida

"Hivi jirani, hii nyumba yako ya zamani imefika lini?" Esteri aliuliza, huku akipepeta maharage mlangoni kwake.

"Jana jioni," Winifrida alijibu. "Imekuja kwa miguu."

"Haya bwana. Wenzako tunagombania nyasi za kuezekea, wewe una nyumba mbili."

Ilikuwa mwaka sabini na nne, mwezi wa tatu tangu malori yawatoe mlimani na kuwaleta kijiji kipya, upande wa Kasulu. Nyumba ilisimama nyuma ya ile mpya, kizingiti kikiwa na tope bichi la bondeni. Ndani, kitandani, alikaa Tharsisi, mume wa Winifrida, na kikohozi chake kilekile. Siku ya malori alikuwa hawezi kusimama. Watu wa malori walisema watamrudia kesho yake. Walirudi siku ya tano, wakamzika.

Winifrida alimpelekea uji. Jioni walisali rozari, yeye akianza na marehemu akiitikia.

Mwezi wa Agosti alikuja Makarius, mwana wa mlima uleule, aliyekula kwao miaka minne alipokuwa shule ya kati. Sasa alikuwa anatafuta udaktari wa chuo kikuu, ule wa vitabu, na utafiti wake ulikuwa juu ya watu waliohamia vijijini. Alikuwa na fomu mia mbili na kumi na mbili.

Alivua viatu, akaingia nyumba ya pili, akampa mzee mkono, akatoa kalamu.

"Baba, ulihama lini?"

"Mimi sijahama."

"Nani alibaki nyuma?"

"Mimi. Andika hivyohivyo, mwanangu. Usiniongezee, usinipunguze."

Makarius aliandika, akawasomea. Winifrida alimfungia kuku wa kwenda naye. Hakutaka kingine ila mumewe aandikwe mahali. Kwenye daftari la kijiji mumewe hayumo kwa kuwa hakuhamia, na kule mlimani hakuna tena daftari.

Miaka mitatu ikapita. Makarius alirudi akiwa dakta, na kitabu chake chenye jalada jeusi. Sehemu kubwa ilikuwa Kiingereza, lakini mwishoni fomu zilichapwa kwa Kiswahili, na Winifrida alisoma mpaka darasa la nne. Alikaa karibu na kitanda, akafuata majina kwa kidole mpaka akafika kwake.

*Kaya ya Winifrida. Nyumba: moja. Aliyebaki nyuma: hakuna. Walihama kwa hiari: ndiyo.*

Kidole kiliganda hapo. Siku nyumba ilipokuja hakushtuka hivi.

"Nani ameandika haya?"

"Mimi, mama." Makarius alitazama viatu vyake mlangoni. "Profesa alisema fomu moja inaharibu zile zote. Ningerudi bila shahada. Na sasa wamenipa kazi ya kufundisha palepale chuoni."

"Ulikula humu, Makarius."

"Nilikula, mama."

"Hebu isome tena," Tharsisi alisema.

Winifrida aliisoma tena, polepole, kila neno. Ilikuwa vilevile.

Mzee alishuka kitandani. Alivaa koti lake, akachukua fimbo iliyoegemea ukuta, akaruka miguu ya dakta aliyekaa sakafuni, akainama mlangoni kama alivyozoea kwa urefu wake, akatoka, akashika njia ya mlimani.